Nani Atakuita Ukimbie?

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Timu ya kriketi ya kwenda kufuzu Kombe la Dunia imechaguliwa, na wewe humo. Kocha alikuwa njia panda kati yako na yule binti mpya. Akaniuliza mimi, kapteni. Nikamtaja binti. Dada, goti limekupunguza mbio, sote tunaona. Ningekutaja wewe, ningekuwa nimechagua damu.

Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Usinichukie.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijambo, asante kwa kulipima.

Umechelewa. Kocha alinipigia nikiwa dukani, kaunta, nimeshika plagi za gari za mteja mwenye haraka. Zote zikaishia sakafuni. Mteja akauliza, “Vipi, msiba?” Nikamwambia ndiyo, wa mdogo wangu.

Hivi, tangu uvae jezi ya taifa, umewahi kufungua mechi na nani kama si mimi? Nani alikuwa upande wa pili anakuita ukimbie, tupishane tupate pointi? Wewe hata mpira huutazami, unasikiliza sauti yangu tu. Na ulijua hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Kwa umri huu sina Kombe jingine la kungoja.

Kocha angeamua mwenyewe ningelia yakaisha. Lakini aliuliza, na mdomo uliojibu ni wako. Hilo limeniuma mpaka kwenye mfupa.

Mama anasema nikutakie safari njema. Haya, mama amekutakia.

Dada yako, maana hilo halipigiwi kura

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu ninayokutumia kwa simu tangu tufike huku na hujajibu hata moja. Mama anasema u mzima, nashukuru.

Mambo yameniharibikia. Tumepoteza mechi mbili, na zote nimezipoteza mimi. Juzi niliusukuma mpira pembeni nikachomoka. Binti yuko upande wa pili, kanyoosha mkono, “Ngoja!” Sikumsikia kabisa. Kugeuka nirudi, vijiti vyangu vimeshaangushwa, nimetoka. Jana hivyo hivyo! Kocha akanifokea mbele ya wote, “Unamsikiliza nani wewe?” Nilikuwa nakusikiliza wewe.

Kesho kutwa ndiyo ya mwisho. Tukishinda, tunaenda Kombe la Dunia. Tukishindwa, nitakuwa nimekuacha nyumbani bure, na sijui nitakutazama vipi. Msamaha siombi leo. Niambie tu nifanye nini.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, kikohozi cha mama kimepungua.

Mechi zako zote nimezitazama kwenye simu, nimejibanza nyuma ya rafu za betri. Juzi ulivyochomoka nilipiga yowe, “Rudi wewe!” Tajiri wangu akadhani tumevamiwa.

Sasa sikiliza. Yule binti anakuogopa. Wewe ni kapteni, atakupigia kelele vipi? Anaita kwa sauti ya kuombea chumvi. Leo hii mchukue muende uwanjani, nyinyi wawili tu, muache mpira na bati chumbani. Mkimbie. Yeye aite, wewe utii. Mwambie akufokee, akikutukana pia sawa, mpaka masikio yako yamzoee. Na kesho mpira ukipita nyuma yako usigeuke kuutafuta, mtazame yeye. Mimi nitoe kichwani. Mimi sipo huko.

Usije ukadhani nimepoa. Hasira naamka nayo, nalala nayo. Na nimemwangalia huyo mtoto anavyokimbia. Ni mwepesi kuliko mimi, hata goti langu lingekuwa zima. Ulichagua sawa. Nimeandika hilo nikafuta, nikaandika tena, na bado linanichoma.

Kesho mkishinda, usinipigie. Utakuwa na watu wa kutosha. Mkishindwa, piga, hata iwe saa ngapi. Nitapokea.

Dada yako