Kaka Tumaini na Inzi wa Macho Meupe

Jumatatu, 8 Machi 1976

Chupa ya tatu ya inzi wa darasani imeota ukungu. Nimeitupa. Zimebaki tano, zote juu ya kabati la jikoni karibu na jiko, maana baridi ya Mbeya inachelewesha mayai. Uji wa unga, ndizi ya kupondwa, hamira kidogo. Mama mkwe anasema tangu azaliwe hajaona mtu anayewapikia inzi. Amekuja kutoka Tukuyu kumlea mwanangu wa kiume, Lusajo, ili nirudi kufundisha. Namshukuru. Lakini mdomo anao.

Kidato cha Sita wamekwama kwenye urithi unaofuata jinsi. Kitabu kinaandika w yenye alama ya kujumlisha, wanachanganyikiwa. Nimewaambia tutumie W kubwa kwa macho mekundu na w ndogo kwa meupe. Herufi hizo hukaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, kwa hiyo w ndogo inaweza kujificha nyuma ya W kubwa, macho yake yakawa mekundu kama kawaida. Dume ana X moja tu, ya mama yake. Akiipata w ndogo, hana pa kuificha. Wameandika. Kuelewa ni suala jingine.

Lusajo anakohoa.

Jumatano, 10 Machi

Bado anakohoa. Nimerudi kazini nikamkuta mama mkwe amempanua mdomo kwa kijiko. Anasema kimeo kimeshuka, kinamkwaruza kooni. Kikatwe. Anamjua fundi wa kimeo pale Uyole, amewakatia wajukuu wake wengine wote na wote wazima. Ameshamwagiza aje Jumapili. Hakuniuliza. Baba Lusajo yuko Usangu kwenye mashamba ya majaribio ya mpunga, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimejibu "Sawa, Mama," kama mjinga. Kisha nimetoka nje.

Kaka Tumaini alikatwa kimeo. Mimi nilikuwa na miaka minne, yeye kama saba. Nakumbuka beseni. Alivuja damu siku mbili, akafa. Watu walisema ni mkono wa mtu.

Alhamisi, 11 Machi

Saa ya mapumziko nimechora ukoo wetu nyuma ya karatasi ya mtihani. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Upo ugonjwa wa damu kutoganda, nao hupita njia ileile ya macho meupe. Mama anaubeba, haumwi. Mtoto wa kiume ndiye anayeumwa. Kama Tumaini alikuwa nao, alipewa na mama yake. Na mama yake ni mke wa baba mkubwa, ambaye hatuna damu moja. Nimemchora Tumaini chini ya baba mkubwa. Mstari haunifikii mimi. Haumfikii Lusajo. Nikapumua.

Jioni nikamwogesha. Goti la kushoto lina alama ya bluu, ukubwa wa kifungo. Ni kutambaa tu? Nimeibonyeza. Nimeibonyeza tena.

Jambo jingine. Mke wa baba mkubwa hakuzaa kabla ya Tumaini, wala baada. Na kwetu kila mtu ni kaka: mtoto wa mama yako, wa baba mkubwa, wa mama mdogo. Sijawahi kuuliza huyu ni kaka kwa wapi. Nafundisha urithi mwaka wa tano huu na wa kwangu siujui.

Ijumaa, 12 Machi

Tumehesabu. Etha kidogo kwenye pamba, inzi wakalala, tukawatenga kwa unyoya wa kuku. Wenye macho meupe wote madume. Darasa lilishangilia kama timu imefunga goli.

Anna, yule mkimya wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. Mama yao ana macho mekundu kabisa, Mwalimu, sasa atajuaje kwamba anayo? Nimemjibu hawezi kujua mpaka azae dume. Wakaandika hilo pia. Mimi nikatafuta kiti.

Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Nimesema mama anaumwa. Uongo. Naogopa mno kuandika barua na kungoja jibu. Kesho alfajiri nakwenda Igowole kwa mama, Lusajo mgongoni, nikamuulize Tumaini ni kaka kwa wapi. Mama mkwe nimemwambia nakwenda kumwonyesha bibi yake mwingine. Amesema nisichelewe, fundi hapendi kungojeshwa.

Jumamosi, 13 Machi

Basi hadi Mafinga, halafu lori la chai. Lusajo amekohoa njia nzima. Mama nimemkuta anapalilia. "Kamwene," akanisalimu, akaangusha jembe, akamchukua mtoto.

Sikujua nianzie wapi, nikamtolea mchoro. Mama anasoma sasa. Elimu ya watu wazima imemfikia mwaka jana. Bado yuko kwenye herufi kubwa, na majina nilikuwa nimeyaandika kwa herufi kubwa. Alipitisha kidole. Alipofika TUMAINI kidole kikasimama. Nikadhani hajui kulisoma.

"Hapa si pake," akasema. Akakihamisha kidole mpaka chini ya jina lake mwenyewe.

Alimzaa kabla hajaolewa na baba. Wazee walikubali aolewe, kwa sharti mtoto apelekwe kwa baba mkubwa, ambaye hakuwa na mtoto, na awe mtoto wao. Alipokufa, mama alikaa msibani pamoja na majirani. Aliyepewa pole ni mwingine.

Nilimkasirikia. Miaka yote hii! Kisha nikaona aibu, maana nilichokuwa nawaza ni mimi na mwanangu tu. Nimemweleza ugonjwa. Akauliza: kwa hiyo hakurogwa? Hakurogwa. Kwa hiyo ni mimi? Nikamwambia ni herufi tu, Mama, hakuna aliyeichagua. Amelala na Lusajo kifuani.

Jumapili, 14 Machi

Nimefika saa tisa mchana. Fundi yuko sebuleni anakunywa chai, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikasema hakatwi. Mama mkwe akaja juu. Wasomi! Mtoto anakohoa, wewe unabishana!

Nikamvuta jikoni. Nikamlaza inzi mmoja, kisha mama yake, nikampa lenzi. Alitazama huku anasonya. Macho meupe. Mekundu. Meupe.

"Mama yake mzima hivi?"

Mzima. Nikamweleza ugonjwa wa Tumaini, na ni mtoto wa nani hasa. Akaweka lenzi mezani, akanitazama mimi, machoni, muda mrefu. Akarudi sebuleni. Nilimsikia akimshukuru fundi, "Ndaga, baba. Malizia chai. Hatukati."

Jumanne, 16 Machi

Hospitali. Daktari amemtoboa kisigino, akavuta damu kwenye kibomba chembamba cha kioo. Kila baada ya muda alivunja kipande. Tukatazama saa ya ukutani, mama mkwe na mimi, mikono imeshikana. Hatujawahi kushikana mikono. Vipande vya kwanza vilivunjika bila alama ya kuganda. Halafu ukatokea uzi mwembamba wa damu kati ya kipande na kipande. Daktari akasema imeganda kwa wakati wake. Ugonjwa ukiwa mwepesi kipimo hiki hakiuoni, kwa hiyo kisu kikae mbali naye. Kikohozi amepewa dawa ya maji.

Nimelia kwenye korido. Si furaha tu. Lusajo kuwa mzima hakusemi lolote juu yangu. Nikizaa dume mwingine, tutaitazama tena saa ile.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Kikohozi kimeisha. Mama mkwe amekoroga uji wa inzi bila kuambiwa, ameweka sukari nyingi mno.

Barua kutoka Igowole. Siku zote mama huandikiwa na katekista. Hii kaandika mwenyewe, herufi kubwa tupu, mistari inapanda mlima. Mahindi yamerefuka. Paa linavuja upande wa jikoni. Nimsalimie bibi yake Lusajo. Pale chini, ambapo katekista huandika Mama Eliza, kwa jina langu, ameandika MAMA TUMAINI.