Kazi Aliyopewa Gitau kwa Simu

Bredäng, Stockholm
Tarehe 9 Februari

Mpendwa wifi Maryanne,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye theluji. Mama anaendeleaje na goti lake? Na wewe, kile kikohozi kimekuachilia? Sisi tu wazima, ila pua zetu zinachuruzika kutwa.

Pongezi zako zimefika, na za Mama, na za akina mama wote wa kanisani kwenu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya hapo nyumbani husikilizwa na ukoo mzima, na jambo hili lataka utulivu. Wifi, ile kazi mliyoishangilia haikuwapo. Ngoja nikueleze.

Unajua kaka yako yuko nyumbani tangu lile ghala lao lifungwe. Analipwa na mfuko wa bima ya wasio na kazi, na kila asubuhi anachana nywele kama mtu aliyechelewa mahali. Basi majuzi simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa ofisi ya takwimu za taifa, anawauliza watu habari za kazi. Gitau akadhani ni usaili. Akaniashiria nimletee koti la suti, akalivaa juu ya pajama, akaongea amesimama wima.

Yule mama akamwuliza kama wiki iliyopita alifanya kazi yoyote ya malipo, hata ya saa moja. Gitau hawezi kudanganya hata daktari wa meno. Akasema ndiyo, alimsaidia jirani yetu Annick, Mrundi, kupandisha kochi hadi ghorofa ya tano, akalipwa.

"Basi," mama akasema kwa Kiswidi, "unahesabiwa kuwa na kazi."

Gitau akasikia "una kazi". Mimi nikapiga vigelegele.

Jumapili mchungaji akatangaza kanisani, mtu akarekodi, ndiyo hiyo video mliyoiona. Mchana nyumba ikajaa watu na sufuria za pilau.

"Ni kampuni gani, ndugu?" mchungaji akauliza.

"Ya serikali."

"Unaanza lini?"

Gitau akafikiri. "Wamesema nimeshaanza."

Josiah, mwanafunzi kutoka Uganda, akaweka kijiko chini. "Mzee, huyo aliyekupigia alikuuliza habari ya saa moja?"

"Ndiyo."

"Ni wa takwimu huyo. Kwao ukifanya saa moja tu kwa wiki, umeshatoka kwa wasio na kazi. Mfuko wa bima nao una hesabu yake."

"Kwa hiyo sina kazi?"

"Kwa mfuko huna. Kwa takwimu unayo."

Hakuna aliyecheka. Gitau akatoka nje hadi roshani bila koti, akasimama akitazama maegesho. Wifi, moyo uliniuma.

Aliyemfuata ni Herménégilde, mume wa Annick. "Bwana Gitau, miye nami walinipigia. Nikasema mgongo unauma, mwezi huu sikutafuta kazi. Wakasema basi siyo mwenye kazi, wala siyo asiye na kazi. Sipo!"

Josiah naye akatoa kichwa mlangoni. "Mimi natafuta kazi ya jioni, kwa hiyo takwimu zimeniweka kwa wasio na kazi. Lakini ule mfuko haunijui kabisa."

Gitau akawatazama. "Yaani tuko hapa wanaume watatu hatuna kazi, na aliyehesabiwa hana kazi ni mwanafunzi peke yake?"

Wakacheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Wakarudi ndani, wakamaliza pilau yote.

Kesho yake Gitau hakusubiri simu. Alipanda treni hadi Fittja, akaingia jikoni kwenye shule moja, akaomba kazi kwa mdomo wake. Wamemchukua kwa majaribio. Alhamisi alirudi ananuka vitunguu, akalala kitini na viatu vyake. Michelle wetu, ambaye siku zote ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, akapiga magoti, akamvua viatu, akasema, "Pole na kazi, Baba."

Mweleze Mama polepole, na uanzie mwishoni, kwenye hii kazi ya jikoni. Tusalimie Kimani na watoto, na Shangazi Wanjeri. Mungu awatunze, awape mvua kwa wakati wake.

Akupendaye tangu siku ya harusi,
wifi yako Milcah