Bluu Yangu, Kijani Chake

Jumapili, 3 Mei 2015

Nimeamua. Pejo inapakwa rangi kabla mke wangu Dalenda hajaenda Tunis kufanyiwa upasuaji wa moyo. Ataenda ndani yake, kiti cha mbele, kama alivyokwenda mara ya kwanza. Si kwa teksi ya kukodi. Si kwa kigari cha mkwe wetu kinachonuka plastiki.

Asubuhi nimevua turubai. Ya Rabi! Panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma. Kutu imekula ukingo wa madigadi. Lakini injini, nilipoijaribu mara ya tatu, ikawaka. Ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia na kunguruma. Sauti ile ile! Nikabaki nimekaa mle ndani, mkono kwenye usukani, nikijisikia nikiita: Tunis, Tunis, bado mmoja, Tunis! Kama vile ningali kituoni.

Dalenda akafungua dirisha la juu. Kwamba nizime, nguo zake zilizo kambani zitanuka dizeli hadi Idi. Nikazima. Dirisha hakulifunga. Alibaki pale, kiwiko juu ya kizingiti, anaitazama.

Jumatatu, 4 Mei

Rangi gani? Sikujua kwamba hilo ni swali.

Nyeupe iliyopo si yake. Nyeupe ililetwa na amri ya serikali, gari zote za abiria wa masafa ziwe nyeupe na mstari mwekundu. Niliipaka nimenuna wiki nzima. Chini ya nyeupe Pejo ni bluu. Nilipoinunua ilikuwa bluu.

"Kijani," akasema Dalenda, anamimina chai.

"Mwanamke, nilinunua mimi gari hii."

"Ulinunua. Halafu ukakaa ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nje nikiitazama. Baba alinishika mkono pale kituoni akaniambia, ingia kwenye ile ya kijani, dereva wake hana masharubu, huenda ana adabu."

Hilo la masharubu ni kweli.

Mwaka 1979. Alikuwa anakwenda Tunis kufanya mtihani wa ualimu. Viatu vyeupe, mkoba mapajani, hasemi na mtu. Tulipofika Krib gurudumu likapasuka. Abiria wakanilaani mimi, na gari, na mama aliyenizaa. Yeye akashuka, akachuchumaa kando yangu, akakinga nati kwenye sketi yake zisipotee majanini. Tukachelewa. Akafanya mtihani na vidole vyeusi vya grisi. Akafaulu! Mpaka leo nikikosea hesabu ananiambia, "Hata na grisi ya Krib vidoleni nilipata kuliko wewe."

Mtu anayekumbuka yote hayo anawezaje kusahau bluu?

Alhamisi, 7 Mei

Duka la Jalluli la rangi, chini ya soko. Nimekwenda na dinari mia tatu, zote za kazi hii, na nimeapa sitazidisha. Pensheni ni pensheni. Tunis nako kuna kula na kulala.

Msasa, puti, tina ya kuzimulia rangi, praima, karatasi za gundi za kuzibia vioo: mia moja na ishirini. Rangi yenyewe, kilo nne. Zile zilizo tayari rafuni, thelathini na nane kilo. Lakini hizo ni bluu ya mageti na kijani cha matrekta. Ukitaka akuchanganyie kwa kufuata sampuli, hamsini na tano. Nikapiga hesabu palepale kaunta. Mia tatu na arobaini. Nimepungukiwa.

Jalluli akanishauri niipake kwa brashi, itakula kidogo. Kwa brashi! Nikamwambia Pejo si dirisha la choo.

Nyumbani nimemweleza Dalenda. Hakufikiri hata kidogo.

"Paa liache jeupe. Nani ataliona? Korongo?"

Kilo tatu basi. Mia mbili themanini na tano. Na chenji inabaki! Mwalimu ni mwalimu.

Jumamosi, 9 Mei

Msasa siku nzima. Mabega yananiwaka moto. Zamani nilikuwa nabadilisha klachi peke yangu chini ya mvua, leo mlango mmoja umenitoa ulimi.

Munji amekuja na kompresa yake. Tuliendesha njia moja miaka na miaka, Kef na Tunis, siku hizi anaziba matairi karibu na kituo. Tukamfanya hakimu. Munji, wewe unaikumbuka Pejo, ilikuwa rangi gani?

Akafikiri. Akajikuna. "Nyeupe."

"Kabla ya nyeupe, punda wewe!"

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa nakuona kisogo tu. Wewe ulikuwa unanichukulia abiria na kuondoka."

Dalenda alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Kisha hakucheka tena, alikuwa anatafuta pumzi. Munji na mimi tukatazama kwingine, kila mtu akajifanya ana shughuli na kompresa. Alipopata nafuu akatuuliza kama tumefiwa.

Ndipo nikakumbuka mpira wa mlango. Chini ya mpira rangi ya kiwandani haijawahi kuguswa na jua wala na amri ya serikali. Nikauvuta taratibu kwa bisibisi. Ukatoka. Kipande cha rangi chenye urefu wa kidole, kinang'aa kama jana.

Tukapiga kelele kwa pamoja.

"Umeona! Bluu!"

"Umeona! Kijani!"

Munji akachukua kofia yake akaenda zake.

Jumatano, 13 Mei

Jalluli amechanganya. Nimempelekea kifuniko cha tangi la mafuta, ndani yake kuna rangi ile ile. Alikoroga, akapaka kidogo kwenye kibati, akakausha, akatikisa kichwa, akaongeza tone la nyeusi. Nikamuuliza, hii wewe unaiitaje? Mfanyabiashara! Akasema anaiita rangi ya mteja.

Dalenda amekataa kuamini macho ya wanaume wawili. Nimemkataza kuingia bandani, harufu ya tina si ya mtu mwenye moyo kama wake. Akasimama mlangoni, kitambaa cha kichwa puani, akanyoosha mkono, akachovya kidole gumba ndani ya kopo. Akakitoa, ukucha umepakwa wote. Akatembea mpaka kwenye Pejo iliyokuwa juani, akauweka kando ya kile kipande chini ya mpira.

Akainama, akalinganisha. Upepo unampeperusha kitambaa.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Rangi gani hakusema. Nami sikuuliza. Nilikuwa namtazama yeye, alivyosimama mbele ya mlango wa gari, mguu mmoja mbele ya mwingine. Alisimama hivyo hivyo pale kituoni, akisubiri nimfungulie.

Alhamisi, 14 Mei

Leo mji mzima unapika borzgane, chakula chetu cha sikukuu ya Mei. Dalenda pia amepika, ingawa nilimwomba asichoke. Kuskusi, nyama ya kondoo, tende, zabibu kavu, lozi, maziwa. Ya kwake haina chumvi, amri ya daktari. Akaila kama mtu anayetia saini.

Praima tayari. Pejo yote ya kijivu isipokuwa paa. Inaonekana kama samaki aliyetolewa magamba. Kesho nafyatua bunduki ya rangi!

Ijumaa, 15 Mei

Nimepiga rangi mlango mmoja. Wa mbele, upande wa abiria. Nilianza na huo makusudi.

Nilimwaga maji sakafuni kutuliza vumbi. Mkono ukakumbuka kazi. Kulia, kushoto, usisimame. Rangi ikalala juu ya bati kama maziwa. Hakuna chozi la rangi lililochuruzika, hata moja. Nikarudi nyuma, nikaita Dalenda njoo dirishani, njoo uone!

Hakuja. Alikuwa kwenye simu.

Hospitali. Kitanda kimepatikana mapema, mgonjwa mmoja ameahirisha. Jumatatu awe pale. Tulikuwa tunategemea mwezi wa sita.

Nikasema basi nitafanya kazi kesho na kesho kutwa mchana kutwa, nitaimaliza. Akasema vizuri. Lakini tangu adhuhuri chehili imeanza, ule upepo wa jangwani, na anga imekuwa rangi ya pilipili ya unga. Vumbi linapita hata kwenye tundu la ufunguo.

Jumamosi, 16 Mei

Chehili. Hakuna kupaka. Nimekaa bandani na makopo mawili na nusu ya rangi, naisikiliza inavyopiga mabati.

Hajar, binti yetu, amepiga simu kutoka Tunis. Kwamba mumewe atakuja kutuchukua, gari lake lina kiyoyozi. Nikasema sawa, pengine ni bora. Dalenda akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, mimi nina gari langu."

Langu! Miaka yote hiyo ilikuwa Pejo ya Lazhari, yangu mimi.

Nikamwambia, Dalenda, ni ya kijivu. Ina mlango mmoja tu wenye rangi. Watu watatucheka mpaka Tunis.

"Mlango ni mmoja ninaoingilia," akasema. "Mingine ya nini?"

Jumatatu, 18 Mei

Tumefika.

Upepo ulikufa alfajiri. Nikamfungulia mlango. Akapanda, mkoba mapajani. Kituoni Munji alikuwa amesimama barabarani na wenzake watatu, wote wazee. Hawakucheka. Wakatupigia honi kwa midomo yao, pi-pi-piii, kama walivyofanya siku ya harusi yetu. Dalenda akawapungia kidole gumba.

Ngano imeiva pande zote. Korongo juu ya nguzo. Kila kona ilikuwa na mtu wake: hapa yule mama nusura ajifungulie garini, pale yule askari alisahau mbuzi wake kwenye buti. Dalenda ndiye aliyekuwa anawataja. Nilidhani hadithi hizi ni zangu. Kumbe nilikuwa nikimsimulia kila jioni nikirudi, na amezitunza zote, na nyingine amezitunza vizuri kuliko mimi.

Krib. Moshi wa nyama choma umejaa barabara. Akaniambia nisimame. Nikasema chumvi, daktari. Akasema hataki kula, anataka kunusa. Tukakaa garini vioo vimefunguliwa, tunanusa. Mchomaji akaja na kipande kwenye karatasi, bure, kwa kuwa alidhani hatuna pesa. Kwa gari lile, nani angemlaumu? Dalenda akamwombea dua. Nyama nikala mimi.

Niliitafuta ile sehemu ya gurudumu. Sasa kuna kituo cha mafuta.

Hajar alitusubiri kwenye geti la hospitali. Aliitazama Pejo, akaweka mkono mdomoni.

"Baba, hii ni gari au punda aliyechunwa?"

"Muulize mwenye gari," nikamwambia, nikamwonyesha mama yake. Mama yake alikuwa bado hajashuka. Alikuwa anafunga kioo, taratibu, mpaka juu kabisa.

Jumanne, 19 Mei

Vipimo. Damu, picha, damu tena. Daktari ni mwanamke, kijana, anaongea polepole. Ametueleza sote wawili pamoja, hakuficha kitu. Wengi wanapona. Dalenda akamuuliza wengi ni wangapi. Daktari akamjibu. Dalenda akasema, "Nimewahi kufaulisha darasa baya kuliko hilo."

Jumatano, 20 Mei

Wamemchukua.

Naandika kwenye benchi ya korido. Mkono wangu mbaya leo, sijui kama nitausoma mwandiko huu.

Asubuhi nesi alikuja kumwandaa. Binti mdogo, mchangamfu. Akamvua hereni, akamvua pete, pete ninayo mimi mfukoni. Kisha akamshika mkono akaguna. Hii rangi ya kucha lazima itoke, kile chombo cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakisomi. Akasugua na pamba. Akasugua tena. Akabadilisha dawa.

"Mama, rangi gani hii! Hii bluu haitoki!"

Bluu. Amesema mwenyewe, hakuulizwa na mtu. Nesi mzima wa Tunis, macho ya miaka ishirini na mitano! Wiki mbili nimesubiri shahidi, na shahidi huyu hapa amesimama baina yetu na pamba mkononi. Dalenda akanigeukia. Alikuwa amejiandaa, nilimwona, alikuwa ameshavuta midomo tayari kunijibu.

Na mimi nikasema, "Ni kijani hiyo, binti yangu."

Sijui ilitokea wapi. Nilimwona mdogo ndani ya lile gauni la hospitali, nywele zimefungwa, shingo tupu. Nikataka awe na kitu cha kwenda nacho mle ndani.

Uso wake ukabadilika. Hofu ambayo sikuiona siku ile hospitali ilipopiga simu, wala jana mbele ya daktari, nikaiona sasa. Akanishika kifundo cha mkono.

"Lazhari. Daktari amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Lazhari!"

"Wallahi hajaniambia kitu ambacho hakukwambia wewe."

"Kwa nini basi unasema kijani?"

Mjinga mimi. Mjinga mwenye mvi. Nikamwambia nesi, kwa sauti ya kituoni, wasikie mpaka kitanda cha mwisho, kwamba ni bluu, ilikuwa bluu, itakuwa bluu, na mama huyu ana ugonjwa wa moyo na wa macho pia, basi wamtibu yote kwa pamoja.

Dalenda akaachia mkono wangu. Akapumua. Nesi hakuelewa kitu. Akaamua kumvalisha kile chombo kidole kingine.

Wakasukuma kitanda chake. Nikatembea kando mpaka pale wanapokukataza. Milango ikajifunga. Nilikuwa nimeshageuka aliposema kwa sauti kutoka ndani, sauti ya mwalimu anayeita darasa kutoka uwanjani:

"Kijani!"

Korido nzima ikageuka kunitazama.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Adhana ya adhuhuri imeshapita. Hajar ameleta mkate na tuna, hatujaufungua. Mlinzi amekuja kuniambia lile gari langu la kijivu linaziba njia ya ambulensi, nimempa Hajar ufunguo, hajui kuiwasha, lazima uvute kwanza chuma cha kushoto, nimemweleza mara mbili lakini sitoki hapa.

Nimeuliza kwenye dirisha la mapokezi. Wanasema bado.

Mlango ule ukifunguliwa nasimama. Umefunguliwa kwa wengine watatu. Kila mara nasimama.