Mnazi wa Riziki na Kiwanda cha Magari

Baba Riziki,

Assalamu alaikum, wewe na majirani zako wote wa huko mchangani. Zamani, ulipokuwa ukienda bara kutafuta kibarua, barua zangu nilizianza hivi: sisi huku wazima, hofu ni juu yako uliye mbali. Leo naona haya kuandika hivyo. Wewe na hofu mmeshamalizana. Tuliobaki nayo ni sie, pamoja na kiwanda chako.

Ndiyo, kiwanda chako. Usijigeuze ukutani.

Naandika kwa mwandiko wangu ule ule wa ngumbaru, uliokuwa ukiuita miguu ya kaa. Uliucheka sana. Lakini miguu ya kaa hufika, Baba Riziki, na leo imebeba habari ambayo wenye kalamu nzuri wa hapa Baleni wameshindwa kukuletea.

Unamkumbuka Bwana Tai? Jina lake hatukulijua vizuri, tukamwita kwa ile tai yake nyekundu aliyojifunga jua la saa saba, jasho linamvuja kama mtungi mpya. Akasimama mbele ya kijiji kizima akasema, maadamu bahari imeingizwa kwenye hifadhi, watalii watajaa, na watalii hawapendi moshi, basi hapa Baleni patajengwa kiwanda cha vigari vya betri. Magari! Kisiwa ambacho siku hizo mwenye baiskeli alikuwa akiisukuma mchangani zaidi ya kuipanda. Mie nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wewe ukanikanyaga mguu, kisha ukainua mkono, wa kwanza kuliko watu wote, ukatoa shamba lako la minazi.

Tena siku ya ufunguzi! Walikupa ovaroli la buluu, ukalivaa juu ya kanzu kwa sababu hukutaka kuchagua. Kikatolewa kigari kimoja, cheupe kama yai, mgeni rasmi kakaa ndani anapunga mkono. Hakijafika hata kwenye lango kikazama mchangani mpaka tumboni. Nani aliyekisukuma? Wewe, mume wangu, na kanzu yako, huku wenzio wanakuimbia kama wanaopweleza mashua ufukweni. Nilikuwa na wanawake wenzangu pale. Mmoja akaniambia, "Shoga, mumeo kapata kazi ya punda." Nikamjibu, "Wako hata upunda hakuupata." Ndivyo nilivyokuwa nikikutetea mbele za watu. Nyumbani ulikiona.

Baada ya hapo nakumbuka vigari vingine vitatu, kisha Bwana Tai akaenda bara kufuata vipuri. Mpaka leo yuko njiani. Huyo mtu angetumwa chumvi, mchuzi ungeoza.

Na wewe ukawa unakwenda kukaa langoni kila asubuhi na ovaroli lako, kama bibi harusi aliyesahauliwa. Nikikwambia rudi nyumbani, jibu lako lilikuwa moja: "Subira, Mama Riziki. Chuma hakiozi." Chuma hakiozi! Hapa Mafia, chumvi ya bahari inakula mpaka sindano iliyochomekwa kwenye uzi. Chuma cha Bwana Tai kilioza kabla ya muhogo wangu. Wewe ukaondoka na maradhi yale ya kifua, hukuona gari la tano.

Sasa nisikilize. Kuna jambo moja nilikutukania, na nimelibeba tangu tulipokuzika.

Walipokuja kuihesabu minazi ili waikate, uliwazuia kwenye mmoja. Ule tuliouchimbia shimo siku kitovu cha Riziki kilipodondoka, tukakizika, ukapanda juu yake. Ukamwambia yule mwandishi wao, "Huo si wangu kuutoa. Huo una mwenyewe, yuko shule." Akacheka, lakini akaandika: mnazi mmoja ni wa mtoto, haumo. Nami nikakuita zuzu mbele ya watu. Nikasema, umetoa shamba zima kwa mtu wa tai, halafu unajifanya mwanamume kwa mti mmoja. Siku mbili sikukupikia. Wakajenga ukuta wao wakauzunguka mnazi, ukabaki umesimama katikati ya uwanja wa kiwanda peke yake, kama mgeni aliyefika karamu ya watu asiowajua.

Basi mnazi ule ndio uliomlea mwanao. Mwenye mnazi hazuiliwi kwenda kuangua nazi zake, hilo hata mlinzi wa getini, Mzee Faki, alilijua. Riziki akitoka shule anaingia, eti kuokota makumbi ya nazi. Makumbi gani! Alikuwa akikaa chini ya mnazi wake anawatazama mafundi. Akirudi nyumbani ananitajia spana kwa namba zake kama mtoto anayesoma juzuu. Na kiwanda kilipokufa na Mzee Faki akachoka kulinda popo, funguo alimpa yeye. Alimwambia, "Mie nilikuwa mlinzi tu. Humu mwenye chake ni wewe."

Utaniambia najisifu. Najisifu, tena sana, nani atanizuia? Mwanangu alikwenda chuo cha ufundi bara, darasa zima wasichana wawili, akarudi na cheti. Mashine ya boti iliyogoma ukimpa asubuhi, adhuhuri inanguruma. Wanaume wa visiwa vya Chole na Juani wenye ndevu mpaka kifuani wanavusha mashine zao mpaka Utende, wanazifunga kwenye bodaboda, wanamletea hapa Baleni. Wanampa shikamoo kwa makosa, kisha wanaona aibu, maana ni sawa na binti zao. Ameolewa vizuri, na ana mimba ya miezi minane, bado analala chini ya mashine huku mie napiga kelele. Kichwa ni chako. Mikono ni yangu, usibishe.

Kazi yote anaifanyia mule ndani. Kuna lile boriti la chuma na winchi ya mnyororo iliyokuwa ikiinulia vigari. Bila ile, mashine kubwa zingerudi kupelekwa bara kama zamani, na mvuvi angekaa mwezi mzima akitazama mashua yake. Na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wiki iliyopita watu wa ofisi ya bara waliitisha mkutano kuamua kiwanda kifanywe nini.

Loh, ungewaona! Kiwanda kimelala miaka, mbuzi wanazalia ndani, hakuna aliyekiulizia. Riziki kukifagia tu, wamezuka kama siafu. Alikuwapo mmoja wa vyuma chakavu, anapiga kuta kwa kidole kama mnunuzi wa kuku anavyopapasa kifua. Alikuwapo anayetaka kufuga kuku wa kisasa, mtu ambaye jogoo wake mmoja analala kwangu. Na afisa kijana kutoka bara, shati limepigwa pasi mpaka linakata, anazungumza habari za mchakato. Mchakato huu, mchakato ule. Nikamuuliza Riziki, huyo Mchakato ni nani, mbona hajaja mwenyewe? Akanifinya.

Afisa akasema jengo halina thamani, vifaa vyote vimekufa kwa kutu, kwa hiyo afadhali viuzwe. Mwanao akasimama. Alikwenda kwenye winchi, akavuta mnyororo kwa mkono mmoja, tumbo lile mbele, na mashine ya boti ikapanda juu taratibu, bila hata kulia, ikaning'inia mbele ya macho ya watu. Kisha bibi mmoja nyuma akasema, "Kutu hiyo nami niipake magotini."

Afisa akauliza, imewezekanaje? Riziki akamwambia: kila mwezi naangua nazi za mnazi ule pale nje, mama ananikamulia mafuta, napaka kila chuma humu ndani, mnyororo pete kwa pete. Miaka yote hiyo, Baba Riziki, hata likizo za chuo. Mie nilikuwa nakuna na kukamua nikidhani ni ya nywele zake! Nikamwona amesimama pale, mikono inang'aa mafuta, nikasikia sauti yako ya langoni. Chuma hakiozi. Ilibidi nijifanye nimeingiwa na vumbi machoni.

Usidhani waliona haya. Mtu wa ofisi haoni haya, anaandika. Afisa akasema sawa, fundi aendelee kwa muda, lakini uamuzi wa mwisho utatoka bara, na ukitoka kwamba eneo linauzwa, atahama siku hiyo hiyo na spana zake. Watu wakanung'unika. Yeye, ili kutufurahisha, akafunga mkutano kwa tabasamu. Akasema, "Wakati tunasubiri, ndugu zangu, pendezesheni eneo. Pandeni miti humu ndani. Mti wowote mnaoutaka." Na mwandishi wake akaandika.

Mume wangu, ungekuwapo! Wazee wote wa Baleni walitazama vidole vya miguu yao. Mtoto mdogo wa hapa anajua: unaweza kumwazima mtu shamba alime muhogo, alime mtama, lakini humruhusu kupanda mnazi, maana akipanda mnazi umekwisha. Ardhi itakuwa yako, mti utakuwa wake, na mti una kizazi. Na huyu kasema mti wowote, mbele ya kijiji, kwa maandishi, na mhuri akapiga. Mie nikainuka nikamshukuru kwa adabu zote. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu akuzidishie elimu." Akaitikia amina, akapanda gari lake.

Kwa hiyo nipo na nazi moja imechipua nyuma ya jiko, ya mnazi ule ule wa Riziki, jani limetoka kama ulimi wa mjusi. Naimwagilia maji asubuhi. Mtoto atazaliwa mwezi ujao, inshallah, na kitovu kikidondoka nitakifunga mwenyewe kwa ukindu ninaosukia mkeka wangu, nitaingia lango lile ulilolikalia bure, na nitachimba hapo hapo kigari kilipozama. Mkwe ameshakubali. Riziki anasema, "Mama, si tutaonekana wajanja?" Nimemjibu, sie tunapendezesha eneo tu.

Sijui barua ya bara itasema nini. Huenda wakauza bati, huenda wakauza kuta, huenda Bwana Tai mwingine yuko melini sasa hivi anajifunga tai. Waje. Watakuta mnazi mmoja kwenye karatasi zao za zamani na mwingine kwenye karatasi zao mpya, na wenyewe wa minazi hiyo hawazuiliwi lango. Wakitaka kujenga, wajenge kuuzunguka ukoo wako.

Zuzu nilikuwa mie. Nimeandika, sasa imebaki. Siku mbili zile ambazo sikukupikia, nisamehe. Ulikuwa ukila muhogo mkavu shambani na hukunisema kwa mtu.

Ovaroli lako sikuligawa. Limechanika begani, lakini tumbo la Riziki linaenea ndani yake, analifanyia kazi. Mjukuu akiwa wa kiume nitampa jina lako. Akiwa wa kike nitampa langu, na utavumilia. Kwa vyovyote, mafuta ya mnyororo ule nitayakamua mie mpaka mikono hii igome, kisha atakamua mwenye mnazi mpya.

Lala salama, mzee wa kiwanda. Mungu akupanulie nafasi hapo ulipo, na akutengee mahali pa kukaa, maana najua ukiona lango lolote huko utaliwekea kiti.

Mimi mkeo,
Mama Riziki