Kasuku Wako Hayuko Kwangu Tena

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikiingia sebuleni kwako pale mtaani Kikuyu na kukuamkia, na aliyeitikia "Marahaba, mwanangu" alikuwa ndege. Ulicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Nianze na habari yenyewe. Ulinikabidhi Mheshimiwa ukasema nisimpe mtu mwingine. Nimempa. Nitakueleza ilivyokuwa.

Ulimwita Mheshimiwa kwa sababu alisema bila kuulizwa na hakupenda kukatizwa. Mpangaji wako alimwacha alipohama: kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, macho ya mtu anayekudai maelezo. Alikuchagua wewe siku ileile. Sisi wengine alitung'ata. Kovu langu liko kwenye kidole gumba. Kitu kipya kilimtisha. Ulipobadilisha pazia alijibanza pembeni mwa tundu siku mbili. Lakini maneno! Alimkaripia muuza maziwa kwa sauti yako, "We Juma, leo umetia maji!", mpaka Juma akaja mlangoni kujitetea, na wewe uko uani unaanika nguo, huna habari.

Mimi hakuniiga hata neno moja. Nilipolalamika ukasema, "Akuige nini? Unaongea kama msoma mita." Nilidhani ni utani tu.

Ulipofariki nilimleta kwangu Nkuhungu. Akanyamaza. Akaanza kujinyofoa manyoya ya kifuani. Nilimwekea alizeti na zabibu, akazitupa chini. Daktari wa mifugo, aliyenionya mapema kwamba yeye ni wa mbuzi na kuku, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Unamsemesha?"

Nikamwambia kila asubuhi namsomea habari ninazoliandikia gazeti, kabla sijazituma.

"Kwa sauti hiyohiyo?"

Akanieleza kwamba ndege hawa hujifunga kwa mtu mmoja, na kwamba neno wanalolishika upesi ni lile lililosemwa kwa hisia. Sauti isiyopanda wala kushuka wanaiacha ipite.

Nilivumilia wiki tatu zaidi kwa ajili ya ahadi yako. Kifua kikabaki ngozi tupu. Ndipo nikampigia jirani yako, Bi Mwanaidi, ambaye nyumbani kwake kuna watu tisa na hakuna anayemngoja mwenzake amalize kusema. "Mlete," akasema. "Huyo ana njaa ya kelele."

Sasa manyoya yanaota. Anakula. Amekwisha kumng'ata mkwe wa nyumba ile, kwa hiyo najua amezoea.

Ijumaa iliyopita Bi Mwanaidi alinipigia. "Njoo umsikilize. Asubuhi anatoa sauti ya mtu, na mtu huyo si wa hapa."

Nilifika mapema, nikakaa barazani karibu na tundu. Alinitazama kwa jicho moja, mboni ikipanuka na kusinyaa. Kisha akasema, "Shangazi. Shangazi, amka. Amka basi." Sauti ilikuwa yangu. Mwishoni ilikatika.

Asubuhi ile chumbani mwako tulikuwa watatu: wewe, mimi, na yeye dirishani. Watu wote nimewaeleza kwamba nilikukuta umeshatutoka, nikaangalia saa, nikapiga simu. Ndivyo ninavyokumbuka. Msibani dada yangu aliniambia mbele ya watu, "Wewe hata sauti hukutoa, kaka. Una moyo gani?" Sikumbishia. Niliamini anasema kweli, na neno hilo nimelibeba tangu siku ile.

Nimehoji mashahidi wengi maishani mwangu. Wengi huongeza, wengine hupunguza. Huyu hajui kufanya lolote kati ya hayo. Bi Mwanaidi alinisogezea kikombe cha chai, akaingia zake ndani, akaufunga mlango.

Unisamehe kuhusu ndege, Shangazi. Nitakuwa nikienda kumwona kila Ijumaa. Kuhusu lile jingine, kazini kwetu habari ikitoka na kosa tunaisahihisha, na aliyeiandika ndiye anayewajibika. Kwa hiyo naisahihisha kwako kwanza, kabla sijamwambia dada yangu: nilikuita. Nilikuita kwa nguvu, zaidi ya mara moja.

Pumzika salama.

Mimi, mtoto wa kaka yako