Kitenge cha muheshimiwa

Furaha mujukuu wangu,

Hapa Birere tuko wazima, mama yako anakusalimia. Unauliza kama ninyi wanafunzi wa Kinshasa mukienda kwa wakubwa mutasikilizwa.

Nilipokuwa na mimba ya mama yako, sisi wamama wa parokia tulienda kumuomba depite wetu, muheshimiwa wa bunge, afunge baa saa ya misa. Tulitaka kufanana, basi tukavaa vitenge alivyotugawia wakati wa kampeni. Alipoona uso wake juu ya matumbo yetu, akatoka akicheza: "Asanteni kwa kuniunga mukono, wamama." Hatukupata hata kusema.

Juma lililofuata tulirudi, kila mutu na kitenge chake cha shambani. Hapo akaketi, akasikiliza. Muende, lakini na nguo zenu.

Kile kitenge sikukitupa. Nilimubeba nacho mama yako mugongoni, na miaka miwili mizima akamukojolea muheshimiwa.

Koko wako