Unayemwonjea Chakula

Barani, Malindi

Baba Lynn,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei. Nikifika katikati ya neno nasikia mbwa analia, nawe waniambia, "Ngoja kidogo, Mama Lynn."

Huku tu wazima. Bomba limekauka tena, na Lynn ameng'oka jino la mbele.

Juzi Mbaruk wa tuktuk alileta unga uliotutumia, akanisimulia mambo yako huku akicheka. Ati Bruno, mbwa wa huyo mama unayemtunzia bustani Watamu, akila kuku au nyama ya ng'ombe anatoka vipele, na daktari wake ameamuru ale samaki na viazi vitamu tu. Ati akasusa. Ndipo ukampikia mwenyewe, ukakaa naye sakafuni, ukawa waonja wewe kwanza na kumwambia, "Tamu, baba, tamu," mpaka akala. Sasa usipokuwepo hagusi sahani, ndiyo maana hata Pasaka hukuja.

Nami nilicheka. Mbaruk alipoondoka, nikaivunja ile sahani yako ya bluu.

Nilipokuwa na mimba ya Lynn nilitapika hata maji. Nilikuomba uji tu, ukasema kwenu mwanamume hashiki mwiko. Kumbe wajua kuushika!

Nina mimba nyingine, sikukwambia. Nesi asema nimekonda mno, lakini hakuna kinachopita kooni.

Uji nitaupika mwenyewe. Wewe njoo ukae sakafuni, uonje kwanza.

Mkeo,
Easter